Maimuna, Eeddo na Mimi

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, umri wangu miaka 16, na shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo jioni narudi nyumbani kuchota maji na kufungia mbuzi kabla ya kushika daftari. Mwalimu mlezi wa chama alituagiza kila mmoja aandike juu ya kitabu kilichomgusa. Wenzangu wengi wameshika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na si ajabu, maana ndiyo riwaya tunayotahiniwa. Mimi nimeamua kuandika juu ya kitabu ambacho hakitanipa hata alama moja kwenye mtihani.

Kitabu chenyewe ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar. Kilichapishwa mwaka wa 1980, wakati mama yangu mzazi hajazaliwa. Baadaye kikawa kitabu cha lazima katika shule za sekondari hapa Kenya, mpaka zamu ikafika ya Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora. Zamu ikipita, vitabu vya zamani hutupwa stoo. Mwalimu alinituma siku moja huko stoo nitafute chaki, nikakuta sanduku limejaa nakala za watahiniwa wa zamani, nyingine zimeliwa na mchwa hadi katikati. Nikachagua ile iliyo nzima kidogo. Jalada halikuwepo, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa penseli, karibu kila ukurasa: sifa za Maimuna, sifa za Maksuudi, maudhui, mbinu. Huyo mtu sijui alifaulu ama vipi, lakini alikuwa na bidii.

Hapa nieleze jambo moja ili msomaji wa mbali anielewe. Sisi nyumbani tunasema Kisomali. Kiswahili ni cha shuleni, cha redio na cha askari wa vizuizini. Na hata shuleni walimu hawakuwa wakikaa. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, na tena baada ya walimu 3 kuuawa kule Kamuthe mwezi wa Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti hizi zetu. Siwalaumu. Nani asiyependa uhai wake? Lakini mtoto wa darasa la tano ambaye mwalimu wake wa Kiswahili ameondoka na mkoba wake asubuhi moja bila kwaheri, huyo mtoto atajifunza ngeli kwa nani? Mimi nilijifunza kwa kusoma chochote chenye herufi, hata karatasi iliyofungiwa sukari.

Basi nikaanza Utengano. Mwanzoni niliona giza tupu. Kuna maneno ya kipwani ambayo kamusi yetu, moja kwa darasa zima, haikunisaidia. Lakini hadithi ilinishika mkono. Kuna bwana mmoja aitwaye Maksuudi, mtu mkubwa, tajiri, mwenye kutafuta cheo katika siasa, na nje ya nyumba yake watu wanamwona ni mtu wa heshima. Ndani ya nyumba mkewe Tamima na bintiye Maimuna hawatoki. Wametawishwa. Dunia yote ya Maimuna ni kuta na mtumishi wao, mama mmoja aitwaye Biti Kocho. Tamima anashikwa na uchungu wa kuzaa mumewe akiwa hayupo. Biti Kocho anamleta Bi Farashuu, mkunga, lakini huyo Bi Farashuu ni mtu ambaye Maksuudi hataki hata kivuli chake kiingie pale, kwa sababu ya mambo ya zamani ya binti yake Mwanasururu. Maksuudi anarudi na kulikuta jambo hilo. Tamima anapigwa, anaachwa, na nyumba inavunjika. Maimuna anatoroka kwenda mjini, na kwa kuwa hajui hata njia ya sokoni, mji unammeza. Anaishia kwa Mama Jeni, katika nyumba ambayo kazi yake sitaiandika katika gazeti la shule. Anaanza kunywa. Uzuri unapukutika. Watu wanamcheka.

Darasani tuliwahi kukizungumzia kitabu hiki, maana mwalimu aliponiona nacho alifurahi, akauliza nimsimulie. Nikasimulia kwa darasa zima. Mvulana mmoja, rafiki yangu tu, akasema, "Huyo alijitakia. Kwani nani alimsukuma?" Wengine wakapiga meza. Msichana mwingine akasema hata kwetu kuna wa namna hiyo, wanaenda mjini wakirudi wamekwisha. Kila mtu alijua anamsema nani, na kila mtu alijua ni nani wangu. Nikasimama nikamuuliza yule mvulana, "Ukimfungia mbuzi zizini tangu azaliwe, kisha lango livunjike usiku, utamlaumu mbuzi kwa kutojua njia ya silangani?" Akasema mtu si mbuzi. Darasa likacheka. Mwalimu akasema tuendelee na sarufi.

Sasa nifike kwa mwenyewe. Kwetu shangazi anaitwa eeddo, na yeye naye humwita mtoto wa kaka yake eeddo hivyo hivyo, kwa hivyo mkizungumza wawili mnaitana jina moja. Eeddo wangu ni dada mdogo wa baba. Aliolewa mapema na mtu mzima mwenye ngamia wengi, akazaa mtoto wa kiume, na mtoto alipokuwa na miaka miwili tu, eeddo akatoroka usiku na lori lililokwenda Garissa. Mtoto akamwacha. Akafika Mombasa, akakaa Majengo miaka mingi, akifua nguo za watu, akipika mahamri, na mambo mengine ambayo watu wanayasema na yeye hayasemi. Alirudi wakati wa ule ukame ulioanza 2020, mvua zikakataa misimu mitano, wakati kila mtu mwingine alikuwa anatafuta pa kukimbilia. Yeye akaja huku. Akajenga aqal mwisho wa kijiji, upande wa njia ya Hulugho, na sasa anauza chai na maziwa.

Sitaki msomaji adhani eeddo ni malaika anayeonewa. La hasha. Ana ulimi mkali kama wembe. Anatafuna miraa mchana, jambo ambalo mwanamke hapa akilifanya hadharani hasemeshwi. Ukimkopesha shilingi 50 usiihesabu. Mwanawe ni mtu mzima sasa, ni dereva wa lori, na akipita na lori lake kwenda Masalani hupiga honi kwa kila kibanda isipokuwa kimoja. Aabo, yaani baba yangu, hajasema naye tangu arudi. Hakutukataza kwenda kwake, lakini hakutuma hata siku moja. Mimi nilikuwa nikienda kununua maziwa, nalipa, narudi.

Siku moja nilikuwa nimekwama kwenye neno moja la kitabu, nikamwuliza kwa mzaha tu huku namsubiri apime maziwa. Akanijibu palepale, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha redio. Akauliza, "Na wewe maneno haya umeyatoa wapi?" Nikamwonyesha kitabu. Eeddo hajui kusoma. Akakishika, akakigeuza, akaninyooshea, akasema, "Nisomee hapo."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi alasiri, baada ya madrasa na kabla ya mbuzi kurudi, nilikaa kwenye jerikani tupu mlangoni mwa aqal yake nikasoma kwa sauti, naye anakoroga chai ya wasafiri. Mimi nilikuwa na herufi, yeye alikuwa na maana. Nikifika kwenye neno la upishi au la mavazi, ananieleza mpaka naliona. Nikikosea mkazo ananirudi. Walimu wetu wakiondoka, kumbe mwalimu alikuwa kwenye kibanda cha chai, na hakuna aliyemfikiria.

Ila hakusikiliza kama tunavyosikiliza darasani. Darasani tunaandika: Maimuna ni mlevi, Maimuna ni mtoro, Maimuna ana tamaa, kila sifa na mfano wake. Eeddo alikuwa akigombana na kitabu. Tulipofika mahali Biti Kocho anakwenda kumwita mkunga, alisimama na mwiko mkononi. "Mwambie asimlete Farashuu," akasema, kana kwamba naweza kurudi nyuma nikamwambia. Maksuudi alimchukia kwa namna ya ajabu, yaani alimcheka. Kila akitajwa anasema, "Huyo namjua," halafu anataja mtu mwingine tofauti na wa wiki iliyopita.

Tulipofika Tamima anapewa talaka na kutenganishwa na wanawe, akasema, "Basi. Leo inatosha." Nikafunga. Hakukuwa na wateja. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea majani ya miraa bila kuyatia mdomoni. Kisha akaniambia jambo ambalo nimeomba ruhusa yake kuliandika, akakubali kwa sharti nisitaje jina. Alisema usiku ule wa lori alimnyonyesha mtoto mpaka akalala, akamfunika kwa leso yake, na kwamba mtu wa lori alikuwa amesema mtoto analia, watu wataamka, ama panda peke yako ama baki. Akasema, "Nilipanda." Hakusema zaidi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akanikaripia kwamba nitalowesha kitabu cha serikali.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Kijijini hadithi yake ina sentensi moja: alimwacha mtoto. Ni kweli alimwacha, na yeye mwenyewe hakatai. Lakini riwaya ina kurasa nyingi, na mwandishi amekulazimisha ukae na Maimuna usiku baada ya usiku, uone chumba, uone chupa, uone asubuhi yake. Huwezi kuruka uende kwenye hukumu. Unapokaa na mtu kurasa zote hizo, hata akikuudhi, unaanza kumngojea. Mimi nilikuwa nikimngojea Maimuna wiki nzima. Nikiwa silangani najiuliza, je, leo amekula? Mtu ambaye hayuko, wa mji ambao sijaufika, aliyeandikwa na bwana wa Zanzibar kabla ya mama yangu kuzaliwa! Na kwa kuwa nilizoea kumngojea huyo, nilianza pia kujiuliza kuhusu yule wa mwisho wa kijiji: usiku akizima taa ya sola, husema na nani?

Mwalimu alipoona nimekazana, alinisimulia riwaya nyingine ya namna hiyo, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa kisiwa cha Ukerewe aliyefariki mwaka wa 2020. Hiyo ilitoka 1971 na mwanzoni ikazuiwa isisomwe katika shule za Tanzania, ingawa baadaye ilikubaliwa. Rosa naye anaharibikiwa, na mwisho wake ni wa kusikitisha kuliko wa Maimuna. Lakini mwalimu alisema kitu kilichobaki kichwani mwangu: babake Rosa alimpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, wakati msichana mwenyewe hajafanya lolote. Yaani adhabu ilitangulia kosa. Nimeomba kitabu hicho, nimeambiwa hakipatikani Garissa, labda Nairobi.

Sasa hayo yote Aabo aliyasikia, maana hapa kwetu hata kikohozi kinasafiri. Jioni moja baada ya swala ya Isha aliniita. Nilidhani ni mambo ya karo.

"Unafanya nini kule kila Jumamosi?"

"Nasoma kitabu cha shule, Aabo. Eeddo ananifafanulia Kiswahili."

"Kitabu cha nini?"

Nikamwambia kwa ufupi: kuna msichana, babake alimfungia nyumbani, akatoroka, akapotea mjini. Aabo alikuwa anang'oa mwiba kwenye kiatu. Akaung'oa mpaka ukatoka. Kisha akasema, "Sisi hatukumfungia mtu."

Mimi sikuwa nimemtaja eeddo. Nikanyamaza. Akasema tena, polepole, "Aliacha mtoto wa miaka miwili. Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba radhi mume wake mbele ya wazee. Mimi." Nikamwambia, "Naam, Aabo." Akauliza, "Na huyo wa kitabuni, aliacha mtoto?" Nikasema hapana. Akavaa kiatu akatoka.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye ana kurasa zake, za aibu ile mbele ya wazee, na kwamba hakuna aliyemsomea. Sijui kama nimeeleza vizuri. Kitabu kinamwita Maksuudi mwovu na ni kweli ni mwovu, mnafiki wa kupindukia, sina huruma naye. Lakini baba yangu si Maksuudi. Kwa hiyo kitabu hakikutosha kila mahali kama shati la kaka. Mahali pengine kilibana, pengine kikapwaya.

Pengine palipopwaya ni kwa Kabi. Maimuna akiwa amefika chini kabisa, anatokea kijana jirani, Kabi, mwenye moyo mwema, anamsaidia na mwishowe wanaoana. Mimi nilifurahi mno nikasoma mbio. Eeddo akaninyamazisha. "Huyu Kabi katoka wapi?" Nikasema ni jirani. "Nimekaa Majengo miaka yote ile na majirani tele. Walikuwa wanataka kukopa makaa." Akacheka mpaka wasafiri wa kwenye lori wakageuka. Halafu akasema mwandishi alimwonea Maimuna huruma, kwa hivyo akamtafutia mtu, na kwamba si vibaya, kwani hata yeye eeddo angekuwa mwandishi angefanya hivyo. Nami nakubaliana naye. Naona Kabi ameletwa kwa haraka, kama mvua ya El Nino iliyotujia mwisho wa 2023 baada ya ukame wote ule, ikanywesha na kubomoa kwa wakati mmoja. Wahakiki watanisamehe.

Nakala yetu, kama nilivyosema, inakatika kabla ya mwisho. Inakatika wakati bado hatujajua baba na binti wataonana vipi. Mimi na eeddo tumebishana juu ya jambo hilo Jumamosi tatu. Mimi nasema Maimuna aende kwa babake, hata kama ni kumtazama tu. Eeddo anasema asiende, kwamba mtu akishatoka kwenye mlango ule miguu yake hairudi ikiwa ile ile, na kwamba anayetakiwa kwenda ni yule aliyefunga mlango. Halafu siku nyingine anageuka, anasema labda aende na kitu mkononi, mtu hawezi kwenda mikono mitupu. Mwalimu anaujua mwisho lakini nimemkataza asiniambie. Ameahidi kunitafutia nakala nzima akienda Garissa likizo ya Agosti.

Jumamosi iliyopita eeddo alinipa maziwa lita moja, nikatoa pesa, akazikataa. Alikuwa ameyaweka kwenye dhiil, ule mtungi wa asili ambao watu wengi siku hizi wameacha kwa sababu ya plastiki. Dhiil husafishwa kwa moshi wa kijinga cha mti, na kila mwanamke ana mti wake na namna yake, kwa hivyo maziwa hutoka na harufu ya mkono wa mtu. Wa eeddo ni wa bibi yangu marehemu, alifundishwa na mama yake, ambaye ndiye mama yake Aabo.

Nikayapeleka nyumbani. Hooyo aliyamimina kwenye kikombe bila kusema kitu, akampa Aabo. Aabo akanywa kidogo, akasita, kikombe kikiwa bado karibu na mdomo. Hakuuliza yametoka wapi. Akanywa yote. Kisha akamwuliza Hooyo kama yamebaki.